Sanaa ya Vifuu vya Nazi Vilivyopakwa Rangi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa Bagamoyo kwa ajili ya watu wanaoanza kutengeneza mapambo ya vifuu, na kwa wale ambao tayari wanayatengeneza lakini rangi yao inabanduka, inapata ukungu au inafifia mapema. Sehemu kubwa inahusu nazi, kwa kuwa ndiyo iliyo tele katika mwambao wetu, ingawa maganda mengine nayo yameguswa pale inapobidi.

Ni vifuu vya namna gani vinavyofaa kwa kazi hii?

Kinachofaa ni kifuu cha nazi iliyokomaa, yaani ile ambayo makumbi yake yamekauka na ganda lake la ndani limekuwa la rangi ya kahawia iliyoiva. Ganda la dafu halifai, kwa sababu bado ni laini na lina maji mengi. Likikauka hujikunja na kupasuka, na rangi iliyopakwa juu yake hupasuka pamoja nalo. Koroma nalo ni la kuepukwa na mtu anayeanza, kwa kuwa huonekana gumu siku ya kwanza na kisha kubadilika umbo likiwa rafuni.

Chagua kifuu kisicho na ufa. Kigonge kwa ukucha au kwa kijiti usikilize: kizima hutoa sauti kali, na chenye ufa hutoa sauti iliyofifia. Unene pia ni jambo la kuangalia, kwani vifuu vya nazi ndogo mara nyingi ni vinene kuliko mtu anavyotarajia na vinastahimili kuchongwa ukingoni, wakati baadhi ya nazi kubwa zina vifuu vyembamba vinavyofaa taa kuliko mabakuli.

Vifuu vinapatikana wapi bila gharama kubwa?

Vinapatikana jikoni. Kila nyumba inayokuna nazi kwa mbuzi hubakiwa na vifuu, na mama lishe pamoja na wapishi wa shughuli hubakiwa navyo kwa mamia. Zungumza nao kwa adabu na uwape kitu, kwa sababu vifuu si takataka kwao: hutumika kuwashia moto, na mkaa wake ni mkali. Sipendekezi kununua nazi nzima kwa ajili ya ganda tu, wala kuangua nazi changa. Minazi ya mwambao imepungua katika maeneo mengi kwa sababu ya maradhi na uzee, na sanaa hii ina heshima zaidi inapoanzia kwenye kile ambacho chakula kimekwisha kutuachia.

Je, naweza kutumia maganda ya korosho, karanga au kokwa nyingine?

Maganda ya korosho usiyatumie kabisa. Ndani ya ganda la korosho mbichi kuna mafuta meusi yenye asidi kali yanayounguza ngozi, yakaacha malengelenge na madoa ya muda mrefu, na moshi wake hudhuru macho na koo. Hata ganda lililokwisha kukaangwa huweza kubaki na mafuta hayo. Kwa kuwa mikorosho imeenea Pwani na Tanga, watu wengi, hasa watoto, huokota maganda hayo wakidhani ni salama kama ya karanga, na ndiyo maana jibu hili limewekwa mapema.

Maganda ya karanga ni salama kwa watu wengi lakini ni dhaifu. Yanafaa picha za kubandika kwenye karatasi ngumu, na hayafai mbele ya mtu mwenye mzio wa karanga. Kokwa la embe likikaushwa vizuri hupendeza kama mwili wa ndege au samaki mdogo. Ganda la ubuyu ni gumu, lina manyoya laini yanayohitaji kukwanguliwa kwanza, na umbo lake refu huleta kitu ambacho kifuu hakiwezi kuleta. Makadamia, ambayo hulimwa nyanda za juu, ina ganda la mviringo gumu mno, zuri kwa shanga kubwa, ila kulitoboa kunahitaji keekee na uvumilivu.

Ninakisafishaje kifuu ili rangi ishike?

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, na ndipo ninapomwomba msomaji asiwe na haraka. Kifuu kilichokunwa kwa mbuzi kinaonekana kitupu, lakini ndani yake hubaki utando wa nyama ya nazi wenye mafuta. Mafuta hayo huvuta sisimizi, huchacha, hutoa harufu, na hatimaye huota ukungu chini ya rangi. Nje kuna nyuzinyuzi za makumbi, na rangi inayopakwa juu ya nyuzi hubanduka pamoja nazo.

Anza na ndani. Ikiwa nyama bado ni nene, acha kifuu juani hadi inywee kama mbata. Ikikauka hujitenga na ganda yenyewe na hung'olewa kwa ncha ya kisu bila kulazimisha. Kisha kwangua utando uliobaki kwa kisu butu au kipande cha bati. Loweka kifuu katika maji ya moto yenye sabuni, kisugue kwa brashi ngumu, na urudie hadi maji yasiwe tena na utelezi wa mafuta. Maji ya moto pia huua mayai ya wadudu.

Nje, ondoa nyuzi kubwa kwa kisu ukifuata mwelekeo wake, kisha tumia msasa. Anza na msasa mkwaruzo, namba 60 au 80, uendelee na 120, na umalizie na 240 kama unataka uso unaong'aa. Mafundi wa zamani walitumia majani ya mti wa msasa wenyewe, ambayo ni makavu na yenye kukwaruza, na bado yanafaa sana kwa kumalizia ukingo. Vumbi la kifuu ni jepesi na hukaa hewani kwa muda. Vaa barakoa au funika pua na mdomo kwa kitambaa kinene, fanya kazi nje, na ukae upande ambao upepo unatoka.

Hatua ya mwisho ni kukausha. Baada ya kuoshwa, kifuu kinahitaji siku kadhaa za kivuli chenye upepo. Jua kali la mchana juu ya kifuu kilichotoka majini hukausha nje haraka kuliko ndani, na ufa huanzia hapo. Wakati wa masika, ambapo hewa ya mwambao imejaa unyevu, ongeza muda huo hata maradufu.

Nikikataje na kukitoboaje bila kukipasua?

Nazi nzima ikipigwa kwa mgongo wa panga huku ikizungushwa mkononi hupasuka katikati, lakini mstari wake huwa na mawimbi. Kwa jikoni inatosha, ila kwa mapambo ni afadhali kuikata kwa msumeno wa chuma wenye meno madogo, ukifuata mstari wa penseli uliozunguka nazi yote. Toboa jicho laini kwanza umwage maji, uishikilie nazi kwa jiriwa iliyofungwa kitambaa, na ukate kidogo kidogo ukiizungusha, usipitishe msumeno upande mmoja hadi mwingine. Ukingo unasawazishwa kwa tupa, au kwa kukifudikiza kifuu juu ya msasa uliotandazwa mezani na kukizungusha.

Kwa matundu, tumia keekee yenye ncha nyembamba kwanza, kisha ncha nene. Weka kipande cha mbao ndani ya kifuu chini ya sehemu unayotoboa, na usisogelee ukingo kwa chini ya sentimita moja hivi. Nusu yenye macho ina matundu ya asili. Mafundi wengi huyageuza kuwa uso wa bundi au kima, na wengine hupitisha kamba ya kuning'inizia.

Ufa mdogo unaweza kuzibwa. Changanya vumbi laini ulilopata kwenye msasa na gundi ya mbao, lijaze ufa, liache likauke na ulisawazishe. Rangi ya kiraka hicho hukaribiana na ya kifuu chenyewe.

Nitumie rangi ya maji au rangi ya mafuta?

Zote mbili zinafaa, na kila moja ina mahali pake. Rangi ya maji ya akriliki hukauka haraka, haina harufu kali, na brashi husafishwa kwa maji. Inafaa michoro yenye nukta na mistari myembamba. Udhaifu wake ni kwamba huhitaji vanishi juu yake ili istahimili unyevu na kufutwafutwa. Rangi ya mafuta, ile inayopakwa milango na mabati, hung'aa yenyewe na ni ngumu, lakini huchukua siku moja au zaidi kukauka katika hewa ya pwani, na huhitaji tapentaini kusafishia.

Kanuni ya kuchanganya ni moja, na haina msamaha: rangi ya mafuta inaweza kupakwa juu ya rangi ya maji iliyokauka, lakini rangi ya maji ikipakwa juu ya rangi ya mafuta haishiki, na baada ya muda hubanduka vipande vipande. Vivyo hivyo, vanishi iliyotengenezwa kwa thina kali ikipakwa juu ya rangi ya mafuta ambayo haijakomaa huifanya ijikunje. Jaribu kwanza kwenye kifuu kibovu.

Kabla ya rangi yoyote, paka mkono mmoja mwembamba wa rangi ya msingi pale tu patakapochorwa. Kifuu ni cheusi kwa asili, na njano au nyekundu ikipakwa moja kwa moja huonekana chafu. Ikitanguliwa na nyeupe huchangamka. Paka mikono miwili myembamba badala ya mmoja mnene, na usipake jioni karibu na bahari, kwa sababu umande na chumvi hutua juu ya rangi mbichi na kuifanya ifubae.

Kwa kazi itakayoshikwa na watoto, nunua rangi inayoeleza kwenye kopo kuwa haina risasi. Madini ya risasi yametumika katika rangi za mafuta kwa muda mrefu, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto.

Je, ni lazima kifuu chote kifunikwe kwa rangi?

Sivyo, na kwa maoni yangu ni vibaya kukifunika chote. Kifuu kilichosuguliwa vizuri kina mishipa na mawimbi ya kahawia na meusi ambayo hakuna brashi inayoweza kuyaiga. Ukikipaka chote rangi ya bluu, mtazamaji hawezi kujua kama ni nazi, plastiki au udongo, na thamani ya kazi yako imepotea hapo hapo. Acha angalau sehemu ya uso ionekane: mchoro ukae upande mmoja, au rangi iwe ndani na nje pabaki pa asili, pakiwa pamepakwa tone la mafuta ya nazi na kufutwa kwa kitambaa kikavu. Angalizo ni kwamba mafuta hayo yapakwe baada ya rangi na vanishi kukauka kabisa, kamwe si kabla.

Nichore nini?

Watu wengi wa Bagamoyo huanza na wanyama na ndege kwa mtindo wa Tingatinga, uliopata jina lake kutoka kwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru aliyefanya kazi Dar es Salaam na kufariki mwaka 1972. Yeye alichora juu ya mbao kwa rangi zilizotumika kupaka baiskeli, na mtindo huo wa rangi nzito, mistari dhahiri na nukta nyingi unakaa vizuri kwenye kifuu. Tatizo ni kwamba mbao ni bapa na kifuu ni duara. Twiga aliyechorwa kwa urefu hupinda shingo juu ya kifuu, wakati kobe, samaki, bundi na kanga hujaa vizuri kwa sababu miili yao yenyewe ni ya mviringo. Chagua kiumbe anayelifuata umbo.

Yapo pia mambo yaliyo karibu zaidi na mji wetu, na ningependa kuyaona mara nyingi kuliko simba. Milango ya nakshi ya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo ina mizabibu, minyororo, mawaridi na samaki, na nakshi za fremu zake zinaweza kuzungushwa kwenye ukingo wa kifuu bila kulazimishwa. Kanga ya kuvaa nayo ni mwalimu mzuri: ina pindo, ina mji, yaani sehemu yake ya kati, na ina jina, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Pindo likawa ukingo wa kifuu, mji ukawa tumbo lake, na jina likaandikwa kwa herufi zilizopangwa sawasawa chini ya mji. Kwa kifuu, methali inayostahili kuandikwa ipo tayari: “Maji ya kifuu bahari ya chungu.”

Mtu wa Tanga angeweza kutumia mkonge kwa namna hiyo hiyo, kwa kuchora safu za mimea yake na kuning'iniza kazi kwa kamba ya mkonge wenyewe.

Naweza kulia chakula kwenye bakuli la kifuu lililopakwa rangi?

Usilie chakula mahali palipopakwa rangi au vanishi ya kawaida. Kama unataka bakuli la kutumia, paka rangi nje tu, tena mbali na ukingo unaogusa midomo, na ndani pasafishwe vizuri na kupakwa mafuta ya nazi ya kupikia peke yake. Bakuli hilo lioshwe kwa mkono, lisiachwe ndani ya maji, wala lisitiwe chakula cha moto mno. Upawa na kata za kifuu zimetumika majikoni mwetu vizazi vingi bila tone la rangi, na zinaonyesha kuwa ganda lenyewe linatosha.

Watoto wanaweza kushiriki?

Wanaweza, kwa kugawana kazi. Kukata, kutoboa, kutumia thina na kupaka vanishi ni kazi ya mtu mzima. Kuosha, kusugua kwa msasa laini wakiwa nje, kupaka rangi ya maji na kupitisha kamba ni kazi yao.

Nioneshe wapi na vipi nyumbani?

Nyumba za kale za mwambao zilikuwa na jibu zuri kuliko rafu nyingi za leo. Kulikuwa na zidaka, yaani vishubaka vilivyojengwa ndani ya kuta nene za mawe na chokaa, ambamo vyombo vya kaure viliwekwa kimoja kimoja. Makaburi yenye nguzo pale Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, nayo yalipambwa kwa mabakuli ya kaure kutoka China. Fundisho la kuonyesha kitu cha mviringo limo humo: kipe kila kimoja nafasi yake, kiwe na kivuli nyuma yake, na kiwe kwenye urefu wa macho. Vifuu ishirini vilivyorundikwa mezani ni mzigo, lakini vitatu vilivyopangwa kwa ukubwa ndani ya kishubaka ni mapambo.

Kama nyumba yako haina zidaka, tengeneza ubao mwembamba wenye vigingi, uupake chokaa au rangi moja iliyotulia, na uning'inize vifuu kwa urefu usiolingana. Katika majengo ya kale usipigilie misumari ukutani. Mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa humeguka, na msumari hushika kutu kwa chumvi. Ubao unaweza kuning'inizwa kutoka kwenye boriti au kuegemezwa tu.

Jua la moja kwa moja hufifisha rangi, hasa nyekundu na njano. Barazani, weka kazi upande usiochomwa na jua la alasiri. Vining'inio vya upepo vilivyotengenezwa kwa vipande vya kifuu hutoa sauti nzuri wakati wa kaskazi na kusi, lakini kamba yake ikaguliwe kila msimu.

Swali la taa huulizwa sana. Kifuu kilichotobolewa matundu madogo kwa mpangilio hutupa nukta za mwanga ukutani, na ni pambo la kupendeza mno usiku. Tumia balbu ya LED yenye joto dogo. Usiweke mshumaa ndani ya kifuu bila kuutia kwanza kwenye glasi, kwa sababu kifuu ni kuni nzuri na vanishi hushika moto haraka.

Na kwenye duka au maonyesho?

Wanaouza kando ya Mtaa wa India, au nyakati za tamasha linalofanyika kila mwaka katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, chuo kilichoanzishwa mwaka 1981, wanajua kuwa mgeni hupita kwa miguu na hutazama kwa muda mfupi. Tandika mkeka wa rangi moja au kitambaa cheusi; mkeka wenye michoro mingi humeza michoro ya vifuu. Weka kazi kubwa nyuma juu ya kreti zilizofunikwa, ndogo mbele, na uache kifuu kimoja kisichopakwa rangi na kingine kilichofikia nusu. Mnunuzi akiona safari ya kazi kutoka kwenye makumbi hadi kwenye vanishi, hubishania bei kwa heshima zaidi.

Andika bei kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi. Bei ihesabu rangi, msasa, nauli na saa zako zote, pamoja na zile za kuosha na kusugua, ambazo watengenezaji wengi huzisahau kwa kuwa hazionekani.

Wageni wataruhusiwa kusafiri nazo?

Nchi nyingi hukagua vitu vitokanavyo na mimea, na baadhi, kama Australia, ni kali sana. Kazi iliyosafishwa vizuri, kavu, isiyo na nyama ya nazi, nyuzi wala wadudu ina nafasi nzuri zaidi ya kupita, na mnunuzi ashauriwe kuitaja kwa maofisa anapofika. Usipambe kifuu kwa gamba la kasa kwa hali yoyote. Kasa wanalindwa na sheria za Tanzania na biashara yake kimataifa imekatazwa.

Je, naweza kuiga mchoro wa msanii mwingine?

Kujifunza kwa kuiga ukiwa nyumbani ni jambo la kawaida, lakini kuuza mchoro wa mwenzako kama wako ni kumnyang'anya. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nayo inalinda kazi za sanaa za uchoraji. Nakshi za kale za milango ni urithi wa wote, ila picha ambayo jirani yako ameibuni juu ya kifuu chake ni yake. Weka alama au jina lako ndani ya kila kazi, kwa herufi ndogo.

Rangi yangu imeanza kubanduka au kuota ukungu. Nifanye nini?

Tazama kwanza inabandukia wapi. Ikibanduka ukingoni peke yake, huenda ukingo haukusuguliwa. Kwangua sehemu hiyo, sugua, weka rangi ya msingi na upake upya. Ikivimba kama malengelenge katikati, kuna unyevu au mafuta chini yake, na kupaka juu hakutasaidia: ondoa rangi yote kwa msasa, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha kwa siku nyingi kuliko mara ya kwanza, kisha anza tena. Ukungu wa juu juu hufutwa kwa kitambaa chenye siki kidogo, kifuu kikaachwa penye upepo, na kikishakauka kikaongezewa mkono mmoja wa vanishi. Vifuu vinavyohifadhiwa stoo wakati wa masika visifungwe ndani ya mifuko ya plastiki. Vifungwe kwa magazeti na viwekwe kwenye kapu lililoinuliwa kutoka sakafuni.